Kijiko cha Njano

Ulikuwepo. Usiniambie ulikuwa unapita tu. Ulisimama kwenye foleni ya duka la Hafidhi, mkoba umeubana kwapani kama Kariakoo nzima inavyobana, na mama yule alipoanza kusema, wewe uligeuza shingo ukaanza kuchambua soksi za mmachinga aliyekuwa pembeni yako. Soksi za mtoto. Nilikuona. Mimi nauza ndoo na mabeseni mkabala na duka lile, na kazi ya ndoo ni kungoja. Mtu anayengoja kutwa huona nyuso.

Kwa kuwa uligeuza shingo, nitakusimulia kilichopita nyuma ya kisogo chako. Nasimulia upesi, maana jambo lenyewe halijaisha na mvua haina adabu ya kusubiri.

Mama yule anaitwa Anifa. Anafuga kambamiti upande wa Mkuranga, nyuma ya mikoko, mahali ambapo mabwawa mengi yananyweshwa na mfereji mmoja unaotoka baharini. Alikuwa na mabwawa mawili. Mvua ya kwanza ya masika ilimwachia moja. Alichokifuata Kariakoo ni kitu cha kulitetea hilo moja kabla mvua kubwa haijashuka, na kitu chenyewe kilikuwa ndani ya pipa la buluu nyuma ya kaunta ya Hafidhi, pipa la mwisho, limefunguliwa asubuhi ileile. Hafidhi alikuwa amesimama juu yake na kopo la dawa ya njano mkononi, anataka kuimimina yote humo.

Ndiyo habari yenyewe. Akimimina, Anifa hana kitu.

Sasa nikueleze kamba, maana najua unamla tu. Kamba si kuku. Huwezi kumchanja. Mwili wake haukumbuki ugonjwa kama mwili wako unavyokumbuka surua. Amezoea maji ya chumvi, na mvua ikipiga usiku kucha bwawa linageuka maji baridi juu, joto linashuka, naye anapata mshtuko. Aliye dhaifu analala ubavu. Akishalala ubavu, ugonjwa uliokuwa umejikunyata kwenye matope unampanda, na kesho yake unaokota mizoga kwa chandarua. Ndiyo sababu wafugaji wanamlisha kirutubisho mapema. Ni unga wa rangi ya majivu, una bakteria hai wa kukaa tumboni mwa kamba, na una hamira iliyosagwa. Unachanganywa na mafuta kidogo, unapakwa kwenye chakula chake cha kila siku. Si dawa ule. Ni chakula cha kinga. Hayo yameandikwa ubavuni mwa pipa, kwa Kiswahili, kwa mtu yeyote anayejisumbua kuzunguka kaunta akasoma.

Na Hafidhi si mwizi. Hilo nalisema mapema, kwa sababu ungependa awe mwizi. Angekuwa mwizi ingekuwa kesi ya polisi, wewe ungekaa pembeni na soksi zako. Hafidhi ni mkarimu, na ndiyo hatari yake. Marehemu mama yake aliuza maharage hapohapo, na hakufunga mfuko wa mtu bila kutia konzi ya mwisho. Mkono mtupu haulambwi, alikuwa akisema, na mtaa mzima ulimlamba mkono mpaka alipokufa. Wewe mwenyewe unajua. Mtu akikupimia sawasawa, asizidishe hata punje, unaondoka umenuna kana kwamba umeibiwa. "Niongezee, bwana." Ndivyo tulivyo hapa.

Maharage ukiyaongezea maharage, unapata maharage mengi. Lakini kirutubisho cha kamba kinatoka ng'ambo, kinakuja kwa meli, Hafidhi hawezi kukigawa bure. Akatafuta cha kuongeza. Rafu ya juu alikuwa na dawa ya kuku wanaoharisha, unga wa njano, dawa hasa, ya kuua bakteria. Akaanza kuchota kijiko kimoja na kukitia juu ya mfuko wa kila mfuga kamba. "Hiki cha kwangu, zawadi. Kinakaza kinga." Watu wakakipenda. Walikipenda kwa sababu ni dawa, na sisi dawa tunaiheshimu kuliko chakula. Ikafika mahali wanadai. "Hafidhi, mbona hujanitilia njano? Nimekukosea nini?" Na wewe ulidai. Ulinyoosha mfuko wako, ukautikisa, ukasema ujazwe vizuri.

Nakumbuka. Nasahau majina ya wajukuu, haya sisahau. Nakumbuka mwaka ambao watu wa bonde la Msimbazi walikoroga chanjo ya kuku kwenye maji ya bomba yaliyotiwa dawa, chanjo ikafia ndooni, kuku wakaisha mtaa kwa mtaa, mkasema kudra. Nakumbuka mbegu zilizopakwa rangi ili zionekane zimetibiwa, mkazipanda, mkapalilia udongo mtupu, mkasema mwaka mbaya. Kila mara kulikuwa na mtu mmoja aliyeliona na kulisema, na watu wengi waliokuwa na haraka.

Siku ile huyo mmoja, Anifa, alishuka kwenye bajaji na ndoo mbili zenye mifuniko, kila moja ina kipampu kidogo cha betri kinachokoroma. Mfuniko mmoja mwekundu, mmoja mweupe. Alikuja kwangu kwanza.

"Shikamoo, mzee Marcelino."

"Marahaba, mwanangu. Za huko?"

"Huko si kuzuri. Niazime mabeseni mawili meupe."

"Kuazima au kununua?"

"Yakirudi yananuka kamba utawauzia wauza samaki wa Feri, wao hawasikii harufu."

Nikampa. Akaniomba na maji ya pipa langu, yale yaliyokaa juani muda mrefu, siyo ya bomba. Nikamjazia mabeseni yote mawili. Akatazama juu. Mawingu yalikuwa yameshafunika upande wa Kivukoni.

"Pipa la mwisho ameshalitia njano?" akaniuliza.

"La kwanza amelichanganya jana. Anasema foleni ni ndefu, hawezi kutia kijiko mfuko kwa mfuko. Kamwaga kopo zima la njano pipani akakoroga, ili kila mtu apate yake humohumo. La pili ndilo analolifungua sasa."

Alibeba ndoo zake akavuka, na mimi nikamfuata na mabeseni, maji yananimwagikia suruali.

Foleni uliijua urefu wake. Mbele kabisa alikuwa Candida, tunayemwita Mama Allen, anayeuza chipsi mayai na kufuga kuku Kigogo. Nyuma yake alikuwa Eliakimu, bwana mmoja mwenye kofia ya kijani, ambaye mabwawa yake yako kwenye mfereji uleule wa Anifa, juu yake kidogo. Maji yanapita kwake kabla hayajafika kwa Anifa. Halafu ninyi wengine.

"Kaka Hafidhi," Anifa akasema, "naomba usimimine hiyo."

Hafidhi alicheka kwanza. Alidhani anataniwa. "Dada Anifa, karibu. Shika foleni, leo kila mtu anapata. Nimewawekea mpaka pomoni."

"Usimimine. Nisikilize kwanza."

"Mama, kuna foleni," sauti ikatoka nyuma. Sitasema ya nani. Mwenyewe anajijua.

"Bwawa langu la kwanza limekufa," Anifa akasema. Hakupaza sauti, na labda angepaza. "Mvua ya kwanza tu. Lililobaki halikupoteza kitu. Mabwawa yote mawili nimeyalisha unga wa duka hili, pipa lilelile. Tofauti ni moja. Mfuko wa bwawa lililokufa ulinipimia wewe. Mfuko wa bwawa lililopona alinipimia Zamzam, ile Ijumaa ulipokuwa msikitini."

Zamzam ni dada yake Hafidhi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda ndani, anafunga mifuko. Aliposikia jina lake aliinua macho.

"Zamzam haongezi kitu," Mama Allen akasema. "Huyo hata ukimwomba salamu anakupimia."

Watu wakacheka. Zamzam naye alitabasamu kwa upande mmoja, akaendelea kufunga mifuko.

"Ndiyo nasema," Anifa akasema. "Hakuongeza. Uchoyo wake ndio ulioniachia bwawa."

Hapo Hafidhi aliacha kucheka. Aliliweka kopo la njano juu ya ukingo wa pipa, mkono haujaliachia. "Kwa hiyo unasema zawadi yangu ndiyo imekuua. Mimi. Mbele ya wateja wangu."

"Nasema ile ni dawa ya kuua bakteria. Na unga huu nguvu yake ni bakteria. Unauza kilicho hai, halafu unakitilia cha kukiua."

"Dawa inaua wabaya."

"Haiwaulizi majina, kaka yangu. Inaua."

Mama Allen aligeuka akamtazama Hafidhi kama mtu aliyeona nzi kwenye chai. "Ngoja. Ina maana ni kama hamira? Unaweka hamira kwenye unga wa maandazi, halafu unaikandia maji yanayochemka?"

"Ndivyo, Mama Allen."

"Maandazi hayaumuki hayo."

"Hayaumuki."

Sasa hapo, msomaji, ungeweza kusema neno. Ulikuwa umesikia. Mtu akishaelezwa kwa maandazi hana kisingizio. Lakini Eliakimu ndiye aliyesema, na alisema vibaya.

"Jirani," akamwambia Anifa, "bwawa lako limekufa kwa sababu ulilijaza kamba kupita kiasi. Watu tuliona. Usije ukamsingizia mtu anayetusaidia. Hafidhi, tia njano twende zetu, mvua hiyo inakuja."

"Tia," mwingine akasema.

Hafidhi alilinyanyua kopo.

Anifa hakumshika mkono. Alifungua mifuniko ya ndoo zake akaziweka juu ya kaunta, katikati ya mizani na makopo, na kamba wakaonekana, weusi-weusi, wanatembea kwa miguu ile mingi kama watu wanaotafuta kitu gizani. Watu waliokuwa nyuma wakasogea. Kamba hai Kariakoo si jambo la kila siku.

"Hawa wote wametoka bwawa langu lililopona," akasema. "Walikuwa sawa. Nikawagawa kwenye mapipa mawili nyumbani, maji mamoja, chakula kimoja. Wa mfuniko mwekundu nimewalisha mabaki ya mfuko wa Zamzam. Wa mfuniko mweupe mabaki ya mfuko wako, Hafidhi, wenye njano. Haya mabeseni yana maji baridi, yaani hayana chumvi hata chembe. Ni kama mvua. Chota mwenyewe. Mimi sigusi."

"Mimi niguse kamba?"

"Ndiyo, ili usiseme nimekuchezea."

Zamzam aliondoka kwenye kigoda chake akachukua kichujio cha chai, akamkabidhi kaka yake bila kusema kitu. Hafidhi akakitazama kile kichujio. Akachota kutoka ndoo ya mfuniko mweupe akamwaga kwenye beseni la kushoto. Akachota kutoka ya mfuniko mwekundu akamwaga la kulia.

Mshtuko haukuchelewa. Kamba wa kushoto waliruka, wakapiga mikia, wakalala ubavu. Wa kulia nao wakaruka, wakapiga mikia, wakalala ubavu.

Wote.

Eliakimu alicheka kwa pua. "Haya. Maonyesho yamekwisha?"

Niliutazama uso wa Anifa na sikuupenda. Alikuwa amefunga mdomo kwa nguvu mpaka midomo imepauka. Hakuwatazama watu, alitazama beseni la kulia tu. Nikajua kwamba mwanamke huyu alikuwa ameleta pale kila alichokuwa nacho, na kwamba hata yeye hakuwa na hakika.

"Subirini," akasema.

"Tunasubiri nini, wafufuke?"

"Wanaopigwa wote huanguka, jirani. Tunatafuta nani anaamka."

"Dada Anifa," Hafidhi akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole sasa, upole wa mtu anayeshinda, "nimekuelewa, una uchungu. Chukua mfuko wako mmoja, leo sikudai. Nenda kawahi." Na mkono wake, kwa mazoea, ulikwenda kwenye kopo.

Ndipo ulipogeuza shingo wewe. Nakumbuka hasa. Ulitoka kwenye soksi ukaingia kwenye mawingu, ukayatazama mawingu kama mtu aliyeajiriwa kuyatazama. Kwa hiyo hukuona kamba wa kwanza wa beseni la kulia alipokunja mgongo.

Mama Allen aliona. "Huyo," akasema. "Huyo hapo anajivuta."

Alijikunja, akajinyoosha, akaanguka tena. Halafu akasimama. Miguu ilitetemeka lakini ilishika sakafu ya beseni, na ndevu zake ndefu zikaanza kupapasa maji. Wa pili akajigeuza. Wa tatu akamgonga wa pili wakaanguka wote, wakaamka wote. Mtu mwenye haraka angeshaondoka, na kwa muda ambao mtu anamaliza kikombe cha chai, karibu wote wa beseni la kulia walikuwa wamesimama, wanatembea, wanatafuta njia ya kutoka.

Beseni la kushoto lilikuwa limetulia. Mmoja alikuwa bado anachezesha miguu ya tumboni, taratibu, ubavu kwa ubavu na maiti wenzake. Tulimtazama mpaka akaacha.

Hafidhi aliingiza kidole kwenye beseni la kushoto akawasukuma, mmoja mmoja, kama mtu anayeamsha watoto waende shule. Wakageuka tumbo juu.

"Hafidhi," Zamzam akasema, mara ya kwanza kufungua mdomo. "Weka chini hilo kopo."

Akaliweka. Akalifunika pipa la mwisho kwa mfuniko wake wa chuma, akaukalia.

"Mama alikuwa anaongeza," akasema, hakuwa anasema na mtu. "Siku zote aliongeza."

"Aliongeza maharage," Zamzam akajibu.

Zamzam alimhamishia kaka yake kwenye pipa la jana, akampimia Anifa yeye mwenyewe kutoka la mwisho, mfuko kamili, mizani imetulia katikati, hakuzidisha hata vumbi. Anifa aliufunga, akaufunga tena kwa mfuko wa pili. Mimi nikadhani basi, tumeshinda, sasa nitarudi kwenye ndoo zangu. Mjinga mimi.

"Na sisi?" Eliakimu akauliza.

"Nitawapimia kutoka hili hili," Zamzam akasema. "Lile la jana linamwagwa."

"Linamwagwa na nani? Mimi nataka lile la jana. Lenye njano."

"Umeona kwa macho yako, Eliakimu," Anifa akasema.

"Nimeona kamba kwenye beseni la nyanya. Mimi kamba wangu nimewalisha njano miezi, hawajafa."

"Mvua kubwa bado haijawapiga. Ya kwanza ilinyesha upande wangu, kwako ilipita."

"Basi ikinipiga ni mimi. Jirani, kila mtu na bwawa lake."

"Bwawa ni lako. Maji ni yetu. Wako wakifa juu, wanaoza juu, na mfereji unaniletea mimi."

"Ziba mlango wako wa maji."

"Mvua ikinyesha nikaziba, ukingo unapasuka. Unajua."

"Najua nini? Mimi najua Hafidhi hajawahi kuniua. Hafidhi, sema. Mimi ni mteja wako au si mteja wako?"

Na watu wakamtazama Hafidhi. Hapo ndipo ilipokuwa kazi yako. Haikuwa ya Anifa tena, yeye alikuwa amemaliza yake. Wala ya Zamzam, ambaye duka si lake. Hafidhi alikuwa amekaa juu ya pipa la jana kama mtu aliyetolewa majini, anasubiri neno moja tu kutoka kwa foleni. Angesikia "Mwaga," angemwaga. Namjua. Mtoto huyu nimemwona akiwa hana meno. Hawezi kumkatalia mteja mmoja, lakini hawezi pia kusimama dhidi ya foleni nzima.

Nilisema mimi. "Mwaga, Hafidhi."

"Mzee, wewe hufugi kamba," Eliakimu akasema. "Uza ndoo."

Mama Allen alisema na yeye, "Mwaga, bwana, mbona unatutia kichefuchefu." Lakini yeye ni wa kuku. Wenye mabwawa mlinyamaza. Mmoja akasema wacha kila mtu achague. Wacha kila mtu achague. Maneno matamu hayo. Yananuka uungwana, na ndiyo yaliyomwokoa Hafidhi kutoka kufanya la haki. Alinyanyuka, akasema kwa sauti ndogo, "Basi, anayetaka la jana achukue la jana, anayetaka hili achukue hili. La jana lililobaki nitamwaga kesho."

Zamzam alirudi kwenye kigoda chake.

Eliakimu alichukua la jana, mifuko mikubwa miwili. Na alipokuwa anafungiwa, nilimwona Hafidhi, naapa, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kijiko. Akauzuia njiani. Ukabaki hewani. Eliakimu akasema, "Mbona unasita? Niongezee." Na Hafidhi akamwongezea.

Na wewe ulichukua lipi? Sikuona, mvua ilikuwa imeanza na watu waliparamia vibaraza, kila mtu na mfuko wake kifuani. Foleni iligawanyika kwenye maji. Waliokwenda na la jana hawakuwa Eliakimu peke yake. Nilimwona Anifa anakimbia kuelekea Msimbazi kutafuta usafiri, mfuko ameuweka ndani ya kanga, tumboni, kama mjamzito.

Hiyo ilikuwa jana.

Leo asubuhi amenipigia. Mvua imenyesha Mkuranga usiku kucha, hii kubwa yenyewe, na bado inanyesha. Alifika akalisha, akalisha tena alfajiri. Kamba wake wamesimama. Aliingia bwawani na taa ya kichwani, akawaona, wanatembea chini, wachache tu wamelala. Nilitaka kufurahi. Akasema, "Mzee, usifurahi. Nimezungukia juu."

Kwa Eliakimu kamba walianza kulala kabla ya jua kutoka. Kapiga hodi, Eliakimu hakutoka. Kampigia, simu inaita tu. Anaona aibu huyo, au amelala fofofo akingoja dawa yake ifanye kazi. Na si Eliakimu tu. Mabwawa mengine mawili ya juu yana mifuko ya Hafidhi imening'inizwa kibandani, ameiona kwa macho, na wenyewe hawapo, wako mjini, watarudi kulisha alasiri. Hawaijui ile mifuko ina nini, au wanajua na wamegeuza shingo. Kamba wao bado wazima. Wakilishwa ile leo, kilichobaki hai matumboni mwao kinakufa leo, na mvua hii itawamaliza kesho.

Anifa ameziba mlango wake wa maji kwa mbao na magunia ya udongo. Amekaa juu ya ukingo na koleo. Bwawa linajaa mvua kutoka juu, na hawezi kuacha limejaa, ukingo ni wa udongo. Maji ya bahari yakijaa alasiri itabidi afungue apate ya chumvi, atake asitake, na kitakachoingia ni kile mtakachokuwa mmekifanya ninyi wa juu. Alisema hivi, na hakulia: "Mzee, mimi nimeshafanya yangu yote. Yamebaki ya watu."

Nilikwenda kwa Hafidhi. Nilimkuta amefungua. Lile pipa lenye njano liko palepale, mfuniko juu. Akaniambia mzee, nimesema nitamwaga, ngoja foleni ipungue. Foleni ilikuwa ndefu.

Basi sikiliza, wewe. Kama mfuko ulioutoa kwa Hafidhi una chembe za njano, hata moja, usiupake kwenye chakula leo. Utoe kibandani sasa hivi, uufunge, uurudishe. Zamzam atakupimia kutoka pipa la mwisho, nimekwisha kusema naye, usitake azidishe. Kama una namba ya Eliakimu ambayo ataipokea, mpigie, umwambie azibe njia ya kutolea maji na aokote wafu wake kabla hawajaoza. Kama unawafahamu wale wawili wa juu walioko mjini, watafute walipo, wako hapahapa Kariakoo au Posta, waambie wasilishe. Na kama huna bwawa, huna kamba, hujui hata Mkuranga iko wapi, una miguu. Njoo hapa dukani uingie kwenye hii foleni, na ukifika mbele usinunue kitu. Sema "Mwaga." Mpaka amwage. Usingoje mvua ikate, bahari inajaa alasiri. Inuka.